Kibati Kilichopigiliwa Mlangoni kwa Baba

Migori, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, tangu Pasaka sijakuandikia. Barua zako mbili ziko hapa chini ya redio, na kila nikiziona naona haya. Neema anaota meno. Analala nikiamka, anaamka nikilala. Goti lako likoje? Mama ameacha kubeba maji mwenyewe? Sisi ni wazima, ila nimechoka mpaka kwa mifupa, na aliyenichosha ni mwanaume mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni.

Ni juu ya gari. Unajua ndizi nanunua Isebania na kuuza Homa Bay. Bila gari nategemea lori za watu, na ndizi zinafika zimekalishwa chini ya magunia, mimi nimesimama na mtoto mgongoni. Uliponipa ile gari yako ya zamani, uliyoikata nyuma ukaifanya pikapu na kuitia injini nyingine, nilisema shida imeisha. Kumbe bado makaratasi. Kitabu chake kinasema ni gari ya watu watano yenye buti, na namba ya injini ni ile ya zamani. Bila cheti cha ukaguzi na kitabu kipya, siwezi kufika hata Rongo.

Mkaguzi huja Homa Bay mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza tuliivuta gari kwa kamba nyuma ya lori. Yeye akaja na viatu vinavyong'aa, akapiga gurudumu teke, akarudi nyuma akichechemea. Akaingia ndani, akazungusha ufunguo mara saba. Kimya.

"Mama, gari yako imekufa."

"Bonyeza kitufe hapo chini ya usukani," nikamwambia. "Baba yangu ndiye alikiweka."

Akabonyeza, ikanguruma, akashtuka mpaka kalamu zikaanguka. Huyo ndiye mkaguzi, baba. Hajui gari inawashwa wapi, lakini anajua vizuri pa kuandika "imekataliwa". Boneti hakufungua. Akasema kutu ni nyingi, nirudi ikiwa safi.

Hapo ndipo fundi wetu wa hapa Migori akaniharibia kwa roho nzuri. Alichukua mashine, akasugua kutu yote, akapaka rangi ya buluu. "Nyar Voi, njoo uone, imekuwa bibi harusi!" Ndivyo wanavyoniita huku, binti wa kutoka Voi. Ilipendeza kweli. Lakini alisugua pamoja na namba ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye fremu ya chuma. Hakuna kitu, ni chuma laini kama sahani.

Mwezi uliofuata mkaguzi akapapasa pale kama mtu anayetafuta chawa.

"Namba iko wapi?"

"Imesuguliwa pamoja na kutu uliyonituma nitoe."

"Gari bila namba ni ya wizi. Hii imevuka mpaka kutoka Sirare, Tanzania."

"Imetoka Voi, bwana. Ungeuliza ungeambiwa."

Akaniinamia, akanong'ona kwamba mimi nikiwa mtu wa kuelewa, na yeye ataelewa. Nikamjibu kwa sauti, foleni nzima isikie: "Rudia, mzee hapa nyuma hajasikia." Watu wakacheka. Akakohoa, akajifanya kusoma karatasi aliyoishika juu chini. Ndipo akasema, nikileta kibati cha kiwanda chenye namba ya chesisi, na barua ya aliyeikata gari, ataitazama mwisho wa mwezi huu. Nikikataliwa mara ya tatu, anaifuta kabisa, iwe chuma chakavu.

Na shemeji yangu Ochieng, anayetengeneza jiko za kuuza, ameshaanza kuipima kwa macho. Jana alisema, "Shemeji, hapo mimi naona jiko thelathini zinangoja kuzaliwa." Nikamwambia kwanza azae akili. Alikuwa anakula ndizi zangu akisema hivyo.

Lakini na wewe baba, nisikize. Nakupenda, ila ulikata gari ya watu watano bila kuandika hata mstari mmoja, kisha ukang'oa kibati chake ukakipigilia kwenye mlango wako kwa sababu kinang'aa. Tangu niko shule ya msingi nawaambia wageni hiyo ni namba ya nyumba. Safari hii usiniambie "tutaona". Fanya.

Nisalimie mama sana. Msalimie shangazi muuza maziwa, mwambie Neema amechukua paji lake la uso, na kaka, yule wa reli, aniandikie hata kama hana habari.

Ni mimi binti yako,
Wakesho, mama Neema

Tuma kwa rejista ya posta, usimpe mtu mkononi: barua yenye sahihi yako, useme uliikata wapi, mwaka gani na kwa nini, karatasi ya kununulia injini, iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, mama anajua, ile picha ya gari kabla hujaikata, mimi nimekaa juu ya buti na soksi moja, kibati chenyewe, ukitoe polepole kwa koleo, usikikunje hapo kwenye namba, na misumari yake minne, maana siku gari ikipita ukaguzi nitakirudisha mwenyewe mahali pake, mlangoni kwako.