Mkono Unaoongoza Fimbo

Mwanjelwa, Mbeya
21 Agosti 1977

Mpendwa Mayu,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Mimi, mkweo Tupokigwe na mjukuu wako sote tunaendelea vizuri, ila asubuhi tunagombania jiko la mkaa kama paka. Nawaombea wewe na Baba afya njema. Mguu wa Baba umepata nafuu? Na ng'ombe mnawanywesha wapi sasa? Mdogo wangu Nkuba aliniandikia kwamba mto umeshuka mapema mwaka huu, nikaingiwa na wasiwasi.

Katika barua hiyohiyo Nkuba aliniambia kwamba umefaulu mtihani wa kisomo, na kwamba sasa humruhusu mtu yeyote akusomee barua zako. Nilicheka peke yangu pale posta mpaka karani akanitazama. Nilipofika nyumbani nilimsomea Tupokigwe kipande hicho, kisha nikakirudia. Mayu, nimejivuna. Nimewaambia ofisi nzima ya ujenzi kwamba mama yangu, aliyekuwa akitia dole gumba kwenye kila karatasi, sasa anasoma mwenyewe. Ndiyo maana naandika herufi kubwa na kuacha nafasi. Na ndiyo maana leo naweza kukueleza jambo ambalo nisingethubutu kuliandika wakati barua zangu zilipokuwa zinasomwa uani na Nkuba, majirani wote wametega masikio.

Kila unapotuma salamu unaniuliza mjukuu wako Ng'washi anakuja lini. Una haki. Amebeba jina lako, na kwetu mtoto wa namna hiyo akishaacha ziwa hupelekwa kwa bibi yake akalelewa. Wa kwetu sasa anakaribia kwenda shule na bado yuko hapa. Nimekwambia ana homa, nikakwambia mvua imeharibu barabara, nikakwambia lori la mtu ninayemjua limeharibika. Nadhani hukuamini hata kimoja. Leo nitakujibu kweli, lakini jibu langu linapitia kwenye mchezo wa gofu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mchezo wenyewe ukiutazama kwa mbali utacheka. Mtu mzima anasimama kando ya kimpira cheupe, anazungusha fimbo yenye kichwa cha chuma, kimpira kinaruka, naye anakifuata kwa miguu mpaka kilipo kishimo, huko mbali kwenye kiduara cha mchanga uliomwagiwa oili usipeperuke. Atakayekiingiza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Baba atasema nyasi zile zingetosha kundi zima, na ni kweli. Mimi siku ya kwanza nilikuwa napima kwa macho ng'ombe wangapi wangeshiba pale badala ya kusikiliza nilichofundishwa. Wazungu waliokuwa wakicheza wengi wameondoka, na mkubwa wetu wa kazi alituhimiza tujiunge na klabu kabla uwanja haujawa pori. Balozi wetu wa nyumba kumi aliniuliza mbele za watu kama huo si mchezo wa mabwanyenye. Nikamjibu kwamba mabwanyenye wamekwenda wakaacha nyasi, afadhali tuzikanyage sisi. Alikuja kutazama Jumapili moja, akaomba fimbo, akapiga hewa mpaka kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo hajauliza tena.

Simcheki sana, maana mimi nilianza hivyohivyo. Nilipoacha kupiga hewa nikapata ugonjwa mwingine. Mpira ulikuwa unaondoka vizuri, halafu ukifika katikati unakata kona kulia na kuzama kwenye mikaratusi. Nilidhani dawa ni nguvu. Nikaongeza nguvu, nao mpira ukaongeza kona.

Anayetufundisha ni Bwana Edmund Kalinga, Mhehe, mkaguzi wa shule. Alikulia Mufindi karibu na mashamba ya chai, huko ndiko alikojulia mchezo huu. Ni mtu wa kujisifu mpaka anakera, na akikukosoa hachagui maneno, lakini macho anayo. Alinitazama siku moja akasema kosa langu ndilo la karibu wote wanaojifunza ukubwani, kwamba tunapiga mpira kama tunapasua kuni. Mkono wa kulia umezoea kufanya kila kitu, kwa hiyo hata usipoitwa unaingilia, unasukuma bega mbele, na fimbo inakuja kwa nje na kuukata mpira upande. Akaanza kunifumua upya. Fimbo niishike kwa vidole, si kwa kiganja, kama unavyoshika chuchu ya ng'ombe mkali unayeogopa kumuumiza. Akanibana leso kwapani akasema isidondoke mpaka fimbo imeupita mpira. Akanikataza kuinua kichwa, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu sisi tuliochunga tumezoea kurusha jiwe na papo hapo kutazama kama ng'ombe amegeuka. Nilikuwa natafuta mpira angani wakati bado uko chini.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili, kwamba kwa sisi tunaosimama upande wa kulia, kama watu wengi, mkono unaoongoza fimbo ni wa kushoto, na wa kulia unasindikiza tu. Akatupanga mstari, akatuamuru tuweke mkono wa kulia mgongoni na kupiga kwa wa kushoto peke yake. Wenzangu walihangaika. Fimbo ziliwapotea, mipira ikagaragara kama viazi. Ilipofika zamu yangu nilizungusha tu bila kufikiri, na mpira ukaenda moja kwa moja, juu, ukaipita mikaratusi na kuanguka mahali ambapo sijawahi kuufikisha. Kalinga akaniambia nirudie. Nikarudia, ukaenda palepale. Ndipo akaniuliza mbele ya wote kama mimi ni mashoto.

Nilikana, Mayu. Nilikana upesi kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Nikasema ni bahati, nikashika fimbo kwa mikono yote miwili, na mpira ukarudi kwenye mikaratusi.

Wewe unajua kwa nini nilikana. Ni wewe uliyekuwa ukiufunga mkono wangu wa kushoto kwa utepe wa khanga, bibi mzaa baba akiwa amekaa palepale kuhakikisha fundo limekaza. Nakumbuka siku niliyompelekea babu ugoro kwa mkono huo, akaumwaga chini na kusema hapokei matusi. Sikulaumu hata kidogo. Ulitaka watu wapokee vitu kutoka kwangu. Na nitakwambia jambo ambalo huenda hujui kwamba nalijua: bibi alipokuwa hayupo, ulikuwa unafunga legelege.

Basi nilianza kwenda uwanjani peke yangu baada ya kazi, pasipo mtu wa kuniuliza. Nilisimama upande uleule wa kulia, leso kwapani, macho chini, nikauachia mkono wa kushoto uongoze. Mwanzoni niliona aibu kabisa, mtu mzima mwenye mke na mtoto, kama vile bibi yuko nyuma yangu. Kisha aibu ikapungua, na mpira ukaanza kunyooka. Nilipomwambia Kalinga ukweli alikasirika kwamba nimempotezea miezi yake. Alisema wengine inabidi wauamshe mkono huo kwa tabu, wa kwangu ulikuwa macho siku zote, ila mwenyewe nilikuwa naukataza.

Jumamosi ya juzi tulialikwa Mufindi kushindana na timu yao. Tulipopita Igawa niligeuza shingo kutazama upande wenu, kule bondeni mlikohamia na ng'ombe, mpaka dereva akaniuliza nimeangusha nini. Mufindi ni baridi kuliko hapa, ukungu unatembea chini kwenye chai. Tulicheza tangu asubuhi, na tulipofika shimo la mwisho timu zetu zilikuwa sawasawa, na aliyebaki kupiga upande wetu ni mimi. Mbele yangu kulikuwa na bwawa. Nilihisi mkono wa kulia unawashwa, unataka kuonyesha nguvu. Nikaulegeza, nikatazama mpira, nikazungusha bila haraka, na sikuinua kichwa mpaka niliposikia watu wetu wanapiga kelele. Mpira ulikuwa ng'ambo ya maji, jirani na shimo. Nikaumalizia kwa kuugusa tu. Tuliwashinda kwao, Mayu, na Kalinga alinitembeza kwa wakubwa wa Iringa kana kwamba amenizaa yeye. Nilipewa kikombe kidogo cha kung'aa na blanketi. Sijawahi kujisikia vile tangu siku nilipopata kazi.

Sasa nafika kwenye jibu lako. Nilipoingia nyumbani na kikombe kile, mtoto alikimbia akanyoosha mkono kukigusa. Alinyoosha wa kushoto. Halafu akaukumbuka, akaurudisha, akauficha nyuma ya gauni na kunitazama usoni kuona kama nimekasirika.

Mjukuu wako ni mashoto, Mayu. Amekuwa hivyo tangu alipoanza kushika kijiko. Hiyo ndiyo homa, hiyo ndiyo mvua, hilo ndilo lori. Mimi na Tupokigwe tuliona haya kumleta kwa Baba akiwa hivyo, tukasema tumnyooshe kwanza. Tupokigwe alikuwa anampiga vidole kidogokidogo, nami nilikuwa nageuka nisione. Siku ile, nikiwa nimeshika zawadi niliyoletewa na mkono uleule anaoufundishwa kuuficha, nilikaa chini mbele yake. Nilimwambia akichukue kikombe kwa mkono wowote anaotaka. Tupokigwe alilia, na mimi nililia, halafu tukakubaliana kwamba hatapigwa tena vidole.

Atakuja kwako mwezi wa kumi na mbili, nikipata likizo. Nitamleta mwenyewe. Sitaki afungwe mkono, wala legelege. Baba atafoka, najua, na atasema mji umeniharibu. Mpe hilo blanketi ninalotuma pamoja na barua hii, kisha umwache amalize maneno yake. Na ukiona haitawezekana hapo nyumbani, niandikie wewe mwenyewe. Nitabaki naye huku bila kinyongo, na tutakuwa tunakuja kuwasalimu.

Ila nakuomba jambo moja kabla hujaamua. Ana adabu, Mayu. Anajua kupiga magoti, anajua kusalimia Kisukuma, na ukimtuma maji anakimbia. Atakuletea kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto, na watu watakuwa wamekaa wanatazama. Yapokee, unywe.

Nisalimie Baba, Nkuba na wote wa mji wetu. Tupokigwe anakupigia magoti, na wajina wako anauliza kama ndama wana majina. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Seni Maganga