Picha ya Mama Iliyotoka Ubaoni

Mgeta, Morogoro
14 Agosti 1953

Mpendwa kaka Fransisko,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mwanza? Kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, ila baridi ya huku unaijua mwenyewe. Paskalia wangu ameota meno, sasa ananing'ata.

Kaka, najua kinachokuuma. Mama tulimzika wewe uko mbali, na picha yake hatukuwa nayo hata moja. Sasa sikiliza.

Kuna bibi Mmarekani amefikia misheni, Miss Harieti. Kazi yake ni kuchonga picha kwenye ubao, kisha kupaka wino na kugandamiza karatasi juu yake, picha ikatoka. Alianza tangu usichana katika karakana ya baba yake, akachonga picha za vitabu vya watoto, na sasa mvi zimemjaa na kwao watu wanagombania karatasi zake. Wengine hata ukutani hawazitundiki, wanazilaza kwenye makasha kama nguo za harusi. Kabla ya masika alimchonga mama akishuka na tenga la kabichi kichwani, mundu mkononi.

Juzi Felista, anayempikia, akaniambia karatasi zimetosha, na bibi anataka kuukata ubao mstari ili zisitoke nyingine. Ndiyo desturi ya kazi yao. Nikambeba mtoto nikakimbia na udongo wa shamba mikononi. Nikamwomba, "Mama, kaka yangu hakumzika mama yetu. Mtolee moja tu."

Akasema, "Niliwaahidi walionunua. Siwezi kuongeza."

Na kweli akaukata mbele yangu, nami nikalia. Kisha akainamia kikapu cha karatasi za kuwashia jiko, akatoa ile ya kwanza kabisa, ya kujaribia, wino umezidi kidogo shavuni. Hiyo hakuwa ameiweka pamoja na za kuuza. Akaandika jina lake chini kwa penseli, kama kwenye zile nyingine, akanipa.

Ndiyo hii niliyokuwekea humu. Usishangae mundu kuwa mkono wa kushoto. Jirani yetu Pili alinicheka, eti tangu lini mama yako akawa mashoto. Ubao hugeuza, kaka. Ishike mbele ya kioo, utamwona kama alivyokuwa akishuka kuja kwetu.

Lakini sikupi iwe yako daima. Paskalia naye hana pengine pa kumwona bibi yake. Ukipata likizo, umrudishe mama nyumbani.

Shemeji yako Yakobo na mjomba Stefano wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Anastasia