Baba Anakunywa Majani ya Panya Wako

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Daktari wa Panya,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na huyo mwanenu, meno yameshatoka au bado anakutafunia kola za mashati? Mwambie shangazi yake ameshamshonea kofia, imebaki kamba ya kidevuni tu. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nakuandikia.

Usishangae kupata barua badala ya sauti yangu. Unajua chumba hiki na chumba cha kunyolea cha Baba vimetenganishwa na pazia tu, na masikio ya Baba hayajazeeka kama miguu yake. Kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie kwa simu, maana tukingoja posta huenda ikakufikia tumeshazika. Nisamehe, nimelisema vibaya. Lakini silifuti.

Nianze na mguu. Ule wa kushoto umezidi. Daktari anasema mshipa mkubwa wa damu pale pajani umeziba kidogo kidogo, damu haifiki vizuri chini. Baba anaanza kunyoa amesimama, na kabla hajamaliza upande wa pili anaangukia stuli, mteja anabaki na nusu kichwa akimsubiri. Vidole viwili vya mwisho vimekuwa rangi ya zambarau. Nikivishika ni baridi kama vya mtu aliyetoka kuoga mtoni, na hii si asubuhi tu, ni kutwa.

Hospitali wamempa kidonge cha kuzuia damu isigande. Daktari wake, mama mmoja mpole anayeongea taratibu, amepanga kumfanyia upasuaji mdogo auzibue huo mshipa. Tukichelewa, alisema, itabidi wakate. Hakusema wapi, na mimi sikuwa na ubavu wa kuuliza.

Sasa unamjua Baba na neno kukata. Shangazi yetu, Mungu amrehemu, aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja, na mwezi haukuisha tukamzika. Mtu anashika wembe maisha yake yote, lakini kisu cha mwenzake hataki hata kukisikia.

Ndipo majani yako yalipoingia. Unakumbuka ulivyomwomba akuchumie yale ya kichaka cha nyuma ya nyumba, ayakaushe kivulini, akutumie mkayapime huko maabara? Ee mdogo wangu, hujui ulimfanya nini yule mzee. Mtaa mzima ulikoma. Kila aliyekaa kwenye kiti aliambiwa, mimi na mwanangu tunafanya utafiti. Uliposema kwenye simu kwamba mishipa ya panya imelegea na damu inapita, aliweka spika, akasikia hata muuza mkaa aliyekuja kuomba chenji. Mimi nilikuwepo. Ulisema panya, tena ulisema bado ni mapema mno. Baba alisikia mwanawe kapata dawa.

Jumatano alijikata kidole gumba akibadilisha wembe. Mkato wenyewe mdogo, ungeucheka. Damu ikagoma kukoma. Taulo la kwanza likaloa, la pili likaloa, nikanyakua kilichokuwa mezani, kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi wa watu, nikamfunga nacho. Jioni ilikuwa bado inachuruzika. Ndipo nikamkunjia mikono ya shati nikaona madoa meusi kwenye mikono yote miwili, kama mtu aliyepigwa. Anasema amejigonga. Na meza gani, Baba, inayogonga mtu mikono yote miwili?

Hospitali walimpima damu. Daktari akashtuka, akasema kwa damu hii simgusi, itamwagika yote mezani. Akamuuliza kama anatumia kitu kingine. Baba akasema, "Chai tu." Akaangalia dari.

Kesho yake akaja dereva wa teksi aliyetoka kunyolewa kwetu, amefura kwa hasira, shingo imebaki na rangi ya kijani, kola ya shati jipya imeharibika. Nikainusa chupa ya losheni ya kunyolea. Kumbe Mama anayachemsha alfajiri, na Baba anayaficha humo apate kupiga funda kati ya kichwa na kichwa, na macho yake yalivyo hafifu, alimpaka dereva dawa ya mishipa! Nilicheka, nisikudanganye. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, na hapo kicheko hakikuwa kicheko tena.

Nikaibeba chupa mpaka kwa daktari. Nilidhani atanifokea. Hakuyadharau majani, alisema huenda yana nguvu kweli, na hiyo nguvu isiyojulikana kipimo chake ndiyo inayomtisha. Kidonge kinazuia damu kuganda, na majani huenda yanafanya kazi hiyohiyo, sasa vimekuwa viwili juu ya mzee mmoja. Anaweza kuvuja ndani, tumboni au kichwani, sisi tukidhani amelala. Aache majani leo, kidonge asikiache wala asikibadili bila yeye daktari kusema, damu ikitulia ampasue. Na vidole vile havina muda wa kutusubiri.

Nikarudi nikamwambia Baba yote. Unajua alichonijibu? "Panya hawana mdomo wa kusema wanajisikiaje. Mimi ninao. Mwanangu atanihitaji." Nikamwambia achague kupona. Akasema kama ni kuchagua, ataacha kidonge, maana kidonge hakijui kimetengenezwa na mtoto wa nani. Mama naye akanigeuzia mgongo akaendelea kuosha sufuria. Nikiimwaga hiyo chai ya majani, anachemsha nyingine. Nimewaza kukikata kile kichaka, lakini mbegu zimeshaota uwanja mzima.

Naogopa, mdogo wangu. Nashona huku nimeizima redio nimsikie anavyopumua upande wa pili wa pazia. Mkasi wake ukinyamaza, nafungua pazia, kumbe anatafuta kitana. Leo nimeshona mkono wa kulia begani kwa kushoto, kazi ninayoifanya tangu nikiwa msichana.

Sikuombi umwambie majani ni mabaya. Hataamini, atadhani nimekununua. Mwambie ukweli, kwamba hujui. Hujui kipimo, hujui kwa binadamu inakuwaje, hujui ikikutana na kidonge inafanya nini. Najua si rahisi. Toka ulipovaa lile joho la kuhitimu chuo, humu ndani hakuna aliyewahi kukusikia ukisema hujui, na Baba ndiye aliyelipiga pasi joho lile kwa mkono wake. Lakini mimi ni dada tu. Daktari ni mgeni. Aliyebaki ni wewe. Piga kesho mchana, akiwa ameshakula.

Mama anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Mjomba fundi saa anauliza utarudi lini umwone. Msalimie sana wifi, mbusu mtoto kichwani. Mungu akulinde, aulinde mkono wako na macho yako kazini, na atuachie Baba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Mama Cherehani.

Nafungua tena kalamu. Baba amepenyeza kichwa kwenye pazia sasa hivi, akaniuliza kama nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akasema, "Mwambie dawa yetu inafanya kazi." Amebana kitambaa puani, chekundu chote, na kingine kama hicho kiko mkononi. Dereva wa teksi niliyemwita ampeleke hospitali yuko mlangoni, injini inawaka. Baba amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, ameshika mikono ya kiti, anasema haendi kukatwa. Achana na kesho. Piga sasa hivi kwenye simu yake, ataweka spika, na mtaa wote usikie ukisema hujui.