Mlango wa Rugo Ulitazama Wapi

Muyinga, Jumanne jioni

Watoto wamepatana, namshukuru Mungu, lakini moyo wangu haujatulia.

Mwalimu aliwapa kazi ya wawili wawili: watengeneze kwa udongo na vijiti rugo la kale, yaani boma la familia, lenye uzio wa mviringo na nyumba ndani yake. Mjukuu wangu Spesi alipangwa na Zaina, binti wa fundi cherehani, rafiki yake wa pekee tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania. Spesi akatangulia kufinyanga. Akapanga vibanda kwa mistari iliyonyooka, bila uzio.

Zaina akacheka. "Hii haiko rugo, we! Iko kambi ya wakimbizi!"

"Basi jenga mwenyewe, wewe mwenye kwenu," Spesi akamjibu.

Wakanuniana wiki nzima. Mtoto hakuwa akila vizuri.

Leo Zaina amekuja na kitita cha vijiti. Hakuomba radhi. Alichuchumaa tu, akauliza, "Nyumba yenu ilikuwa gani?" Spesi akagusa kibanda kimoja, na Zaina akaanza kukizungushia uzio. Punde wakawa wanapakana matope na kucheka.

"Babu," Spesi akaniita, "kwenu Gitega, kule Gishubi, mlango wa rugo ulitazama wapi?"

Mimi hupenda kueleza kila kitu. Nilijaribu kumwona akilini mama yangu akitoka mlangoni asubuhi, jua likimpiga usoni, au mgongoni...

Sikukumbuka. Nikasema mashariki, na wakauweka mashariki.