Dua ya Babu Mcha kwa Timu ya India

Bwejuu, 2 Julai 2024

Babu yangu Mcha,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai mguu haujavimba tena na unakula. Sisi huku kwa Shangazi Amne tu wazima, mwani umevunwa, hatuna la kulalamikia isipokuwa wewe.

Unanijua, mbele ya watu mdomo wangu haufunguki. Ndiyo maana niliondoka huko mjini Malindi bila ya kukuaga. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Ilikuwa khitma ya arubaini ya Bibi Fathiya. Mke wako, Babu. Watu wameketi kwenye mikeka ukumbini, kila mmoja kapewa juzuu yake ya Kurani asome, wewe ukapewa ya kumi na nne. Ulifika nusu, ukaifunika, ukasema unakwenda msalani. Kumbe msala wako uko kwa jirani Nadir, mbele ya televisheni, India na Afrika Kusini wakigombania Kombe la Dunia la kriketi.

Sheikh Yussuf yumo katikati ya dua, anamwombea Bibi nuru ya kaburi, mara dirishani kwa Nadir ikatoka sauti yako: "Ya Rabbi, mpira usimponyoke!"

Na ukumbi mzima, kwa mazoea, ukaitikia: "Amin!"

Watu wazima wenye kanzu na makoti wamemwombea mchezaji wa India adake mpira! Haikutosha. India waliposhinda ukapiga vigelegele. Mwanamme mzima, vigelegele. Vijana walicheka mpaka wakaficha nyuso, na mimi jikoni nilitamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike.

Tangu utotoni, ulipokuwa ukiwaokotea matajiri wa Kihindi mipira ya kriketi pale Mnazi Mmoja, unaishabikia nchi ambayo hujawahi kuikanyaga. Haya, umeshinda. Umeshinda nini?

Shangazi anasema nisirudi kuishi nawe mpaka uwaombe radhi wote waliohudhuria. Na mimi nasema hivyo hivyo, hata kama chuo cha mjini kitanipita.

Mjukuu wako,
Tahiya

*

Malindi, 6 Julai 2024

Mjukuu wangu Tahiya,

Wa aleikumu salaam. Marahaba. Mguu haujambo, tumbo ndilo lenye malalamiko, maana siku hizi nnakula mkate na chai. Barua yako imefika ikinuka pweza. Mwambie Anwar anayezileta asichanganye barua za watu na pweza anaowauza sokoni Darajani.

Nimwombe radhi nani? Wale? Nusu yao hawakumjua bibi yako hata kwa sura. Walifuata biriani, na mmoja kaondoka na bakuli mbili kazificha ndani ya koti. Aliyekaa mbele yangu juzuu kaishika juu chini na midomo inamcheza. Hao ndio wenye heshima, mpuuzi ni mimi?

Wewe hujui kilichotokea siku ile. India walikuwa wamekwisha. Imebaki mipira michache, Mwafrika Kusini kaupiga mmoja unakwenda nje kabisa. Kijana wa India kaudaka pale mpakani, akaona mwenyewe anatoka nje ya uwanja, akaurusha juu, akatoka, akarudi ndani, akaudaka tena! Nimeisubiri siku ile mpaka nikazeeka. Na wa kufurahi naye nani? Nadir? Ananiuliza, "Mzee Mcha, goli liko wapi?" Mtu ana televisheni kubwa kama mlango na kichwani hamna kitu.

Radhi siombi. Ukitaka kurudi rudi, chumba chako nimekifagia. Vibaya, lakini nimekifagia.

Halafu ile juzuu yangu siioni. Nimetafuta hata chini ya mikeka.

Babu yako,
Mcha

*

Bwejuu, 9 Julai 2024

Babu,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Pole na mkate.

Juzuu ninayo mimi. Niliikuta mkekani pale ulipoiacha. Maana yake khitma ya Bibi haijatimia. Watu wamekula, wameosha mikono, wameondoka, na marehemu amepunjwa nusu juzuu kwa ajili ya mpira. Ningeweza kuisoma mwenyewe. Sikuisoma. Ni yako.

Shangazi hajui hilo, lakini amekuonea huruma. Anasema: "Mwambie baba aseme marehemu naye alikuwa anaipenda kriketi, kwa hiyo alikwenda kumwangalilia. Watu watalia, yataisha." Andika maneno hayo tu, Babu. Nitampelekea Sheikh Yussuf mwenyewe na nitarudi siku hiyo hiyo. Nataka kurudi.

Juzuu sikuletei kwa Anwar. Haiwezi kusafiri na pweza.

Mjukuu wako,
Tahiya

*

Malindi, 28 Julai 2024

Tahiya,

Wa aleikumu salaam. Nimechelewa kujibu. Kila nikianza kuandika nilikuwa nakasirika.

Sisemi uongo huo. Bibi yako hakuipenda kriketi hata siku moja. Akiiita mchezo wa wavivu wenye magongo. Nikikaa kuangalia, ananingoja mpaka mipira ya mwisho, ndipo anapita na ufagio mbele ya televisheni, taratibu, makusudi. "Sogea, mwanamke!" "Nisogee wapi, nyumbani kwangu?" Leo nimfanye shabiki kwa kuwa hawezi kunikanusha? Mwambie Amne uchafu huo anifanyie mimi nikishakufa.

Niliondoka kwa sababu nilitaka kuona mchezo. Basi.

Ila pale kwa Nadir, ilipofika mipira ya mwisho, niliinamisha kichwa pembeni nipate kuona. Nilikuwa nakwepa ufagio. Haukupita. Ndipo nikapiga makelele yale uliyoyasikia.

Jana baada ya Alasiri nimeazima juzuu ya kumi na nne msikitini. Nimekaa jikoni, juu ya mbuzi ya bibi yako ya kukunia nazi, nikaisoma tangu mwanzo, sikuanzia nusu. Nikaomba dua. Nilipomaliza nikangoja itikio, kwa mazoea. Hapakuwa na wa kuitikia.

Babu yako,
Mcha

*

Bwejuu, 30 Julai 2024

Babu,

Shikamoo.

Amin.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mimi, mbele ya Shangazi na wanawake wote wanaofunga mwani. Mdomo umefunguka, nimeimaliza yote. Shangazi amenuna, kisha amekufungia pweza.

Usidhani nimekusamehe vile vigelegele. Bado nakuona mpuuzi. Nakuja Ijumaa na juzuu yetu.

Chumba changu usikifagie tena. Ufagio niwekee mimi. India wakicheza, kaa uangalie kwa raha zako, na ikifika mipira ya mwisho, nitapita.

Mjukuu wako,
Tahiya