Gari Nalo Limekaa Eda

Jumamosi, baada ya Alasiri.

Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo wa baharini umekuja umechelewa, mzito kwa chumvi. Nimeswali, nimevuta uradi, nimejaribu kujilaza. Wapi. Basi naandika hapa, maana leo nimefanya jambo ambalo hata mwanangu Nasra sijaweza kumwambia kwenye simu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mjane na niko edani. Sitoki, sijipambi, sijitii manukato, mpaka siku zangu zitimie. Nyumba yetu ni ya ghorofa, hapa Mji wa Kale, na dirisha la chumba changu linaangalia kiwanja palipokuwa na nyumba ikabomoka. Hapo kiwanjani ndipo lilipo gari la marehemu mume wangu.

Ni Pijo la zamani, kijani kilichokolea kama mchicha uliopikwa.

Marehemu alikuwa fundi cherehani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kitambaa, na wepesi huo huo aliuhamishia garini. Vitambaa vya kulifutia alivikata mwenyewe kutoka fulana kuukuu, wala hakuvipinda ncha, maana alisema uzi wa pindo hukwaruza. Hakuligusa juani hata siku moja. Alingoja kivuli cha ukuta kilifunike lote, akalimwagia maji kwanza ili mchanga uondoke wenyewe, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Nami nilikuwa upande wa pili, nikikausha. Watu walitucheka. Sisi tulikuwa tukizungumza mambo yetu, yale ambayo ndani ya nyumba yenye masikio mengi hayazungumziki.

Siku ya kwanza nilipopaka polishi niliona kijani kimejaa kwenye kitambaa, nikadhani nimeliharibu. Akacheka. Akanieleza kwamba rangi za kale hazina ule utando wa kioo juu yake kama magari ya siku hizi, unachosugua ndiyo rangi yenyewe. "Kijani kikija usiogope, Mama Nasra," aliniambia. "Ogopa ukiona chekundu."

Chekundu ni ile rangi ya chini, ya udongo, iliyopakwa kabla ya zote. Ukiifikia hiyo, umemaliza.

Ufunguo alinao shemeji Swaleh, mdogo wake marehemu. Aliuchukua siku ya khitma, akasema ni wa kuliwasha tu betri isife. Mirathi haijagawanywa, lakini yeye keshajigawia. Kesho wenye magari ya zamani wanakutana uwanja wa Tononoka, na marehemu kila akienda watu walilizunguka gari lake kama bibi harusi. Swaleh ataka azungukwe yeye. Wiki nzima amekuwa akiwatangazia wenzake hapo barazani, kwa sauti ya kunifikia.

Asubuhi nilifungua dirisha nikaona kunguru ameshafanya yake katikati ya boneti. Uchafu wa kunguru ni sumu kwa rangi, na ndani yake mna changarawe na mbegu. Dawa yake ni kuulowesha, kuuacha ulainike, kisha kuunyanyua. Kuusugua ukiwa mkavu ni kuchora gari kwa kisu. Nami siwezi kushuka.

Nikachukua kapu ninaloteremshia nikinunua mboga, nikatia chupa ya maji na kitambaa laini, nikalishusha kwa kamba. Swaleh alikuwa amekaa na wenzake wawili. Nikajibanza nyuma ya pazia nikamwambia tafadhali, auloweshe ule uchafu kwanza.

Akatoa kitambaa kapuni. Akakigeuza huku na huku. Kisha akainama, akafuta viatu vyake, kimoja baada ya kingine, polepole, akakirudisha kapuni.

"Vuta, shemeji," akasema. "Au na gari nalo limekaa eda, lisiguswe na wanaume?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Ule uchafu akautoa kwa kucha.

Nilivuta kapu. Kitambaa kile nimekifua mara mbili na bado naona nyayo zake.

Sikupumzika, akapanda wifi yangu Rukia, dada yao. Huja kila siku kunitazama, na hilo lina thawabu, lakini Rukia huja na pua. Kunikuta, nilikuwa nimefungua mkebe wa nta ya gari. Hufanya hivyo siku nikielemewa. Ile nta ina harufu ya nazi na kitu kama ndimu, na mikono ya marehemu ilinukia hivyo hivyo siku zake zote za mapumziko.

Rukia alisimama mlangoni akavuta pumzi.

"Wanukia, wifi."

"Ni nta ya gari, Rukia. Hii hapa."

"Kakangu hata udongo haujamkauka, nawe wajitia manukato. Wamtilia nani?"

Nilimpa mkebe mkononi. Hata hakuutazama. Akanisogelea, akaninusa shingoni kama anusavyo mtu samaki sokoni, akasema basi huenda pua yake imekosea, Mungu ndiye ajuaye, akashuka ngazi. Kabla hajafika chini nilimsikia akimwambia jirani yetu kwamba kule juu kunanukia harusi.

Nililia. Kisha nikajiuliza kama kweli nimekosa, kama kunusa mkebe ni kujitia manukato. Mtu akikusingizia sana unaanza kujichunguza.

Jua lilipopanda ndipo Swaleh akaja mwenyewe. Akasimama nje ya mlango, akakohoa, na safari hii ulimi wake ulikuwa na sukari. Alitaka kujua kaka yake alikuwa akilipaka nini hata likang'aa vile.

Hapa nitasema kweli mbele ya Mola wangu. Shetani alinijia. Najua vitu vya kumwambia ambavyo vingelichubua gari lile likawa kama ngozi ya mjusi mgonjwa. Yako maji ya breki, na yapo hapa ndani, chini ya ngazi. Neno moja tu lingetosha.

Lakini niko edani, na ulimi wangu nimeushughulisha na Qurani tangu mume wangu alipotoka nyumbani humu juu ya jeneza. Nikamwambia kweli yote. Nikampitishia mikebe miwili upenyoni mwa mlango. Ule mkubwa ndio nta. Ule mdogo ni dawa ya kusugulia mikwaruzo, ina chenga kama mchanga mwembamba, asiuguse hata kidogo, boneti lile limesuguliwa miaka mingi na rangi imebaki kama karatasi. Angoje kivuli baada ya Alasiri. Apake nta kidogo, kitambaa kikavu, basi.

"Ahsante, shemeji," akasema.

Nikarudi dirishani. Nikamsikia akiwasimulia wenzake.

"Anambia ningoje Alasiri, na huu mdogo nisiuguse. Mwaona? Siri yenyewe i humu kwenye mdogo. Anaificha."

"Wanawake hao," mmoja akasema.

"Namjua huyo. Ningekuwa mimi ningedanganya, ndiyo maana namjua," Swaleh akasema.

Akafungua mkebe mdogo, pale pale, jua utosini, bati la moto hata paka hapiti juu yake. Akachota kwa kitambaa, akaanza kusugua boneti kwa nguvu zake zote, duara moja mahali pamoja, pale kunguru alipochafua.

Mara ya kwanza kitambaa kilikuja kijani. Akakinyanyua akawaonesha wenzake, akasema huo ndio uchafu aliouacha kaka yake. Wakacheka tena. Kumwita marehemu mchafu, yule mtu aliyekuwa akinawa mikono kabla ya kushika usukani.

Akageuza kitambaa, akaendelea. Kijani. Akaongeza dawa. Kijani.

Kisha ukingo wa kitambaa ukaingia wekundu.

Niliuona kabla yake. Mimi nilikuwa juu, natazama mkono wake, yeye alikuwa amekikunja kitambaa kwenye ngumi na uso amewageuzia wenzake akizungumza. Ilikuwa bado ni kidogo, kama doa la tambuu ya popoo mdomoni. Angeachia pale pale, ningelificha kwa nta, ni mimi tu ningelijua. Neno moja kutoka dirishani lingelinusuru. Simama. Basi.

Adhana ya Adhuhuri ikaanza. Nikajiambia siwezi kupaza sauti yangu wakati wa adhana. Nikajiambia mwanamke wa eda hapigi kelele dirishani, Rukia atasema nini. Nilijiambia mengi.

Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimempazia sauti kwa habari ya kunguru.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aendelee. Nilisimama nyuma ya pazia na tasbihi mkononi nikimtazama anavyosugua, na kila mzunguko ulikuwa mtamu. Nilitamani ageuke, aone, awaone wenzake wakiona.

Akageuka. Boneti lilikuwa na jicho jekundu la upana wa sahani ya chai, na katikati ya jicho bati tupu. Barazani hakukuwa na kicheko. Mmoja wao akatafuta viatu vyake. Swaleh akalitemea mate lile doa, akalifuta kwa kiganja, kama atakayerudisha kijani kwa mate. Kisha akainua uso akanitazama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona amefanana na kaka yake.

Hapo utamu ukakatika.

Maana pale alipopasugua ndipo marehemu alipokuwa akiweka kiganja chake, kila tukimaliza kulikausha, kabla ya kusema haya, tupande. Nilikuwa nimepanga siku nitakayotoka edani nishuke kwanza niweke changu hapo.

Rukia amekuja tena mchana, akanusa, akauliza kama nimesikia yaliyolipata gari la kakake. Nikasema nimesikia. Akasema Swaleh amemwambia kila mtu kwamba mimi ndiye niliyempa mkebe ule. Na ni kweli, nilimpa.

Swaleh amelifunika boneti kwa kanga kuukuu, nadhani asionekane hana la kwenda nalo Tononoka. Kunguru wamesharudi, wametua juu ya kanga.

Siku ya hesabu nikiulizwa kama nilimwambia Swaleh kweli, nitajibu ndiyo, na malaika wataishuhudia. Nikiulizwa nilipoona wekundu nilifanya nini, nitamjibu nini Mola, na marehemu amesimama hapo anasikia?