Bawabu Aliyekufa Ukurasa wa Arubaini

Kwako Zuhura, mke wangu, uliyelala makaburini Mwanakwerekwe,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Usishangae. Mimi Makame niliyekuwa nikibeba magunia mawili ya karafuu kwa mpigo, bandarini Malindi, watu wanatazama, sasa nnabeba na kalamu. Niliiandika kwanza kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile nilizofunzwa Tumbatu kwa bakora, kisha nikaigeuza neno kwa neno kwa herufi zenu za skuli. Mwanetu Asha ataipiga chapa na kuipeleka inakochapishwa. Nimemwambia asibadilishe hata neno moja, na nilipokosea aache vivyo hivyo. Akanambia, "Baba, haya ni mambo yenu ya ndani, kwa nini wasome watu?" Kwa sababu nilijisifu mbele ya watu. Basi na haya wayasikie watu hao hao.

Unakumbuka tulivyoanza. Mgongo ulikuwa ushanikataa, nimeacha kazi, nashinda nyumbani nakufunulia sufuria zako na kukwambia chumvi haijatosha. Wewe umestaafu ualimu, unataka utulivu wako, huupati. Siku moja ukautandika mkeka dirishani, ukavaa miwani, ukanambia, "Baba Asha, kaa hapo nikusomee, uniachie jiko langu." Ikawa ndio ada yetu. Kila baada ya sala ya alasiri, wewe na kitabu, mimi na kikombe changu cha kahawa. Asha kila akija kutoka Chukwani anatuletea vipya: vya upelelezi, vya vyombo vya angani, vya falme za majini na wachawi. Mimi herufi zenu nilizijua zile za kupigwa muhuri kwenye makasha tu. Lakini maoni nilikuwa nayo, na hilo hakuna wa kunikanusha.

Nilisema wapelelezi wa vitabu vya siku hizi ni watu wa hovyo. Mtu anauzunguka mji miezi mitatu anatafuta nani aliingia nyumba gani. Aje Malindi! Hapa ukikaanga papa mtaa mzima unajua umemkaribisha nani. Angemuuliza Bi Mwanaidi wetu wa chini, muuguzi mstaafu anayekaa mlangoni kutwa, kesi ingekwisha kabla ya adhuhuri. Ukasema, "Sasa kitabu kingekuwa kurasa tatu." Nikasema kurasa tatu zinatosha, karatasi ghali.

Na kile cha chombo cha angani. Watu wamefungiwa humo miaka kumi, mtunzi hajatwambia wanakula nini. Ukanambia wanakula vidonge. "Vidonge! Haya, na kibla wanakielekea wapi?" Ulicheka mpaka miwani ikakuanguka. Kisha ukasoma mbele kidogo, na kweli, nahodha akawakusanya wenziwe, akawaonesha dunia dirishani, kidoa cha buluu, akawaambia kibla chetu ni hicho kizima. Nilisimama, Zuhura. Mgongo wangu huu, nilisimama. Nikasema mtunzi huyu mtu, amelelewa. Nilikwenda kuyasema barazani jioni ile ile.

Lakini sifa yangu kubwa ilikuwa kumjua muuaji. Bandarini nilikuwa nikilishika kasha tu najua ndani mna nini, vyombo au vitambaa au vyuma, wala silifungui. Nikasema na kitabu ni kasha. Nisomewe kurasa ishirini, nitakwambia nani kaua. Nawe ukisoma mpaka mwisho, unafunga kitabu, unavua miwani, unanambia, "Hukosei, baba Asha." Vitabu thelathini na kimoja. Barazani Shaame, yule mwenzangu wa bandarini, akiniona tu huanza, "Eh, Mzee Makame, leo umemkamata nani?" Nnamwambia dereva. "Ukurasa wa ngapi?" Wa kumi na nane. "Basi polisi wakuajiri wewe, wale mbwa wao wawapeleke kwao." Watu wanacheka, na mimi nnapandisha kikoi, nnakaa kama jaji.

Kimoja tu nilikosea, kile cha kwanza kabisa. Nilisema kaua mpishi, ukasoma mpaka mwisho, kumbe kaua ndugu wa maiti. Na mimi nilifanya nini? Nilisusa. Siku mbili sikula chakula chako, nilikwenda kununua mikate barazani mbele ya watu ili ujue. Nilisema mtunzi hajapata kumwona muuaji maisha yake, na wewe pengine hujasoma vizuri. Siku ya tatu ulinipikia pweza wa nazi. Kuanzia kitabu cha pili sikukosea tena.

Ulipoondoka, kile cha mwisho kilikuwa nusu, umetia uzi wa kanga yako kuwa alama. Baada ya hitma wanawake waligawa nguo zako, na Asha akataka vitabu avipeleke skuli. Nikamwambia hakitoki hata kimoja. Akataka kunisomea. Nikamkatalia. Sauti ya mtu mwengine juu ya mkeka ule siitaki, hata iwe ya mwanangu. Nikasema nitasoma mwenyewe. Shaame akanambia, "Sasa wewe hamali, utaanza darasa la kwanza na meno gani?" Na mabishano ndio chakula changu, unanijua. Nilianza mwezi wa Mfunguo Mosi, nilipofika Mfunguo Tano nilikuwa nnasoma kwa kidole, polepole, lakini nnasoma.

Nikataka kuanza na kitabu nnachokijua ili kisinishinde. Nikachukua kile cha harusi, ambamo bwana harusi anauliwa kwa sumu na mimi nilisema dereva. Nikafanya kosa la mtu wa chuoni. Nilikishika kama nnavyoshika juzuu ya Kurani, nikakifungua upande ule ambao kwetu ndio mwanzo. Kwenu ndio mwisho. Nikakaa kuusoma ukurasa wa mwisho nikidhani ni wa kwanza, na cha kwanza nilichokisoma maishani mwangu kwa herufi zenu ni hiki: shangazi anainyoosha mikono yake afungwe pingu, na dereva yuko pembeni analia.

Nikasema sijui kusoma bado. Nikarudia. Nilirudia mara saba, Zuhura, kidole kimeloa jasho. Shangazi.

Nikachukua cha pili, makusudi sasa nikaanza na mwisho. Nilisema muuaji ni mwalimu wa muziki. Kitabu kinasema ni mke. Cha tatu, cha nne. Nikakitafuta kile cha angani. Nilisumbuka nacho siku tisa, mstari kwa mstari. Hakuna kibla. Nahodha hakumkusanya mtu, hakuonesha kitu dirishani, na ulichonisomea mwisho kuwa wamerudi wakaibusu ardhi hakimo. Hakurudi mtu. Wanazima taa mmoja mmoja.

Na bawabu wangu. Unajua nnayemsema. Yule mzee wa ufalme ulio chini ya ziwa, anayeubeba mlango wa mji mgongoni, kila akihama mlango unahama naye. Nilimpenda kuliko watu wote wa vitabuni kwa sababu alikuwa mchukuzi, na alikuwa na kiburi, na mgongo wake ulimuuma. Wewe ulinisomea mwezi mzima, jinsi alivyowajibu majini wasiosalimu, jinsi alivyogombana na mkewe juu ya chumvi, mpaka mwisho akatawazwa. Zuhura, yule mtu anakufa ukurasa wa arubaini. Mstari mmoja tu, mlango unamwangukia, na kitabu hakimtaji tena. Zimebaki kurasa mia mbili. Wewe ulikaa pale dirishani, macho yako yakiwa kwenye maneno mengine, ukamweka hai kurasa mia mbili, na maneno yake yote yalikuwa yako.

Watunzi hawa wa sasa, maoni yangu ya kweli sasa nliposoma mwenyewe ni kuwa hawana huruma. Wanajua kuandika, sikatai. Lakini kila wanachokipenda wanakiua, na wanakiua haraka. Nilikuwa nikiwasifu barazani miaka yote hiyo, kumbe nikikusifu wewe.

Nilikaa siku mbili tatu na fedheha yangu, nikawa nakukasirikia. Ndio, kaburini. Nilisema mwanamke huyu kanifanya mtoto. Halafu, nikitia maji ya udhu, likanijia jambo, mpaka birika likaniponyoka. Nikajiuliza, na kile kingine ulichonisomea?

Unakumbuka lile benchi chini ya mlimau, uani hospitali. Ulitoka ndani na karatasi imekunjwa. Mimi kabla hujakaa nikasema, "Ni vidonda vya tumbo. Nshakwambia tangu juzi, ni hiyo pilipili yako." Nikakuuliza, karatasi inasemaje? Ukavaa miwani. Ukaifungua. Ulinyamaza vile unavyonyamaza ukifika pahala pa kuuliwa mtu, na mimi nilidhani unatafuta mstari. Ukasoma, "Inasema ni vidonda vya tumbo. Niache pilipili na ndimu, ninywe dawa hizi." Nikacheka kwa nguvu mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Nawe ukavua miwani, ukaniambia, "Hukosei, baba Asha."

Niliitoa ile karatasi sandukuni nikashuka nayo kwa Bi Mwanaidi. Imeandikwa Kiingereza, na mwandiko kama nyayo za kaa. Akaisoma kimya, akanitazama.

"Mzee Makame, nikusomee?"

"Nisomee kama ilivyo."

"Kama ilivyo hasa?"

"Bi Mwanaidi, mimi si mtoto."

Akasoma. Saratani. Wameandika upelekwe bara upesi, kwamba siku hizo bado pana la kufanywa. Neno upesi wamelipigia mstari chini. Mstari ule nilikuwa nimeuona siku ile ile, Zuhura. Nilidhani ni pambo.

Nikamwita Asha. Alipoiona karatasi mkononi mwangu akakaa sakafuni. Alijua. Alisema alikuomba, alikubembeleza, alitaka kuja kunieleza mwenyewe, ukamkataza. Nikamuuliza ulisema nini. Nikamlazimisha. Akanambia ulisema, "Baba yako keshasema ni vidonda."

Nimeyapima maneno hayo kila namna na sijapata pahala pa kuyashikia. Ulikuwa unanidharau? Ulikuwa unanionea huruma? Uliogopa bara, uliogopa kisu, ukaniona mimi kuwa ni pazia zuri la kujificha? Sijui. Ungekuwapo ningekuuliza, na ungenijibu jawabu nnalolitaka, kwa hiyo bado nisingejua. Nnachokijua ni kuwa mimi ndiye niliyekufunza. Kwa siku mbili za kususa, kwa ajili ya mpishi wa kitabuni ambaye hakuua. Ulijifunza mara moja, kama mwalimu, na hukusahau.

Ungenambia, Zuhura. Ningefoka. Ningesema daktari hajui kazi, ningesusa siku mbili, ningekwenda kula barazani. Siku ya tatu ningekubeba. Boti ya Dar inapiga honi chini ya dirisha letu, asubuhi, adhuhuri, alasiri, tulikuwa tunasimamisha kitabu mpaka imalize. Mimi gati lile nalijua kwa nyayo. Ningekupakia mgongoni na mgongo huu mbovu, mbele ya watu, nikakuingiza ndani na kukukalisha. Siku mbili tu ulikuwa univumilie, na wewe ulikuwa na miezi saba kabla hujaondoka.

Watu wananambia ni kadari, niseme alhamdulillahi. Nnasema. Nnasema mdomoni, kisha boti inapiga honi.

Barazani nimekwenda Ijumaa iliyopita nikawaambia yote, vitabu thelathini na kimoja vyote. Nilidhani Shaame atanicheka. Heri angenicheka. Alininunulia kahawa, akanambia, "Basi hata sisi katudanganya vizuri."

Nilijisifu najua kasha bila kulifungua. Karatasi ile ya hospitali niliibeba mimi. Ulinipa niitie mfukoni kwa sababu mkoba wako ulijaa dawa, nikatembea nayo kutoka hospitali mpaka Malindi, juu ya moyo, na sikuhisi uzito wowote.

Kimebaki kile kitabu cha uzi wa kanga. Unakumbuka nilikwambia, tajiri wa meli kauliwa na mwanasheria wake, na ukatabasamu, ukasema tutaona. Nilikianza kwa upande wenu safari hii, pale penye uzi, sikuurukia mwisho. Kila siku baada ya alasiri, mkeka ule ule. Kurasa nne, siku nyengine mbili. Nilikuwa nikifika pahala pabaya nanyamaza kama wewe, nikijaribu kuona ungepageuza vipi. Sioni kitu. Mimi sina kipaji hicho, nnasoma kilichoandikwa tu.

Jana nimekimaliza. Mwanasheria hakuua mtu. Nilivua miwani, hii yako niliyoirithi, nikafunga kitabu, nikakaa nikingoja lile neno lako.

Nimekosea, Zuhura.

Mumeo,
Makame, baba Asha